Mtu wa Maji Hataki Dhahabu

Hadithi yenyewe unaijua hata kama hujawahi kuisoma. Chombo kinazama. Binti anajikuta ufukweni, hajitambui vizuri, nguo zimemganda mwilini, na pembeni yake kuna kiumbe ambaye kuanzia kiunoni kwenda juu ni mwanamume mzuri ajabu, na kuanzia kiunoni kwenda chini ni samaki. Wanapendana. Halafu taabu inaanza, maana huyu anaishi kwa hewa na yule anaishi kwa maji. Vijana wenzangu wanaziandika hadithi za namna hii kwa wingi, wengine kwenye madaftari ya shule, na karibu zote zinatokea kwenye bahari isiyo na jina, yenye ngome ya mawe kilimani na theluji kwa mbali. Theluji! Mwandishi kazaliwa Geita, kasoma Shinyanga, theluji kaiona kwenye kalenda ya ukutani.

Sina ugomvi na mapenzi wala na samaki. Ninachouliza ni swali la historia tu: huku kwetu, kwenye ukanda huu wa dhahabu kati ya Shinyanga na Ziwa Victoria, mtu wa maji yuko wapi? Ametokea wapi, ameishi na nani, na kwa nini ukimtaja kijiweni leo watu hawawazi mapenzi, wanawaza utajiri?

Tuanze na ardhi yenyewe. Shinyanga haina ziwa. Ni nchi ya ng'ombe, pamba na vumbi, na maji yake ya asili yalitoka juu. Zamani mtemi wa Kisukuma alidaiwa mvua kama vile mbunge anavyodaiwa barabara. Mvua ikigoma, kiti kinatikisika. Geita ni mambo mengine. Ukipanda kilima unaliona ziwa, na ziwa lenyewe si dimbwi, ni karibu kilomita za mraba 69,000. Kwa hiyo nchi mbili zilizo jirani zilikuwa na maji mawili tofauti, moja la mawinguni na moja la miguuni, na kila moja na wenyewe wake. Mwaka 2009 mambo yalichanganyika kidogo: mradi mkubwa ulizinduliwa wa kuvuta maji ya ziwa kutoka Ihelele, Misungwi, mpaka Kahama na Shinyanga mjini. Tangu hapo mtu wa maji akitaka kuja kututembelea Shinyanga inabidi apite kwenye bomba.

Ziwa halina nguva. Hili liwekwe wazi mapema, maana waandishi wengi wanamwazima nguva wa pwani wanamtia Nkome kama vile wanahamisha kuku. Nguva ni mnyama wa bahari ya chumvi, anakula nyasi za baharini, anapumua hewa kama sisi, ananyonyesha, na matiti ya jike yako karibu na kwapa. Huko Mafia na Rufiji bado wapo wachache. Kwa sababu ya hayo matiti mabaharia wa dunia nzima wamemgeuza mwanamke. Christopher Columbus, Januari 1493, aliandika kwamba ameona watatu wakichomoza majini, na akaongeza kwamba si wazuri kama wanavyochorwa. Wavuvi wa pwani ya Waswahili nao wana simulizi zao kuhusu mvuvi na nguva wa kike, na jinsi mvuvi alivyotakiwa kula kiapo kwamba hakumgusa. Hayo nayaachia watu wa pwani.

Ziwani tunao kiboko, mamba, kamongo anayejizika topeni kiangazi na kufufuka mvua ikinyesha, na tunaye fisi maji. Huyu wa mwisho namshuku sana. Nenda kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na siku hizi kimo mkoani Geita, kaa asubuhi na mapema pale maji yanapogusa mawe. Kichwa cha mviringo kinachomoza, shingo ina mabakamabaka meupe, macho yanakuangalia wewe moja kwa moja kama mtu unayemdai. Halafu kinazama bila sauti. Mvuvi aliyekesha na nyavu, tena mwenye njaa, akisema kaona mtu, mimi simcheki.

*Mume wa ziwa*

Lakini watu wa zamani wa ziwa hawakumhitaji fisi maji ili wajue kwamba maji yana mwenyewe. Waganda walimwita Mukasa, Wahaya wanamwita Mugasha, na kwa majina yanayokaribiana alijulikana pande nyingi za Nyanza. Hekalu lake kubwa lilikuwa Bubembe, katika visiwa vya Sese. John Roscoe, mmisionari aliyeandika kitabu kizima juu ya Waganda mwaka 1911, anasema alama yake ilikuwa kasia. Si upanga wala mkuki. Kasia. Na anasema kwamba Mukasa alikuwa mpole, hakudai damu ya binadamu. Kazi yake ilikuwa kutoa samaki, kutuliza dhoruba na kuwapa watu watoto, hasa mapacha. Alikuwa na wake, mkubwa wao Nalwanga, dada wa chatu aliyeabudiwa huko Buddu. Kwa upande wa Bukoba, Mugasha anatajwa katika zile tenzi za Wahaya zinazoimbwa kwa zeze la enanga, ambazo Profesa Mulokozi alizichunguza kwa miaka mingi.

Angalia umbo la jambo hili. Hapa kuna mwanamume wa maji, mwenye nyumba, mwenye wake, mwenye wivu kidogo (dhoruba zile hazikutoka hewani), na anazungumza na watu kupitia kiti, yaani mtu anayepandwa naye. Uhusiano wa kiti na pepo wake, hata pwani, watu wameueleza siku zote kwa lugha ya ndoa: pepo ana masharti, ana anachokipenda, ana siku zake, ukimpuuza ananuna. Hilo ndilo penzi la kwanza la binadamu na mtu wa maji ninalolijua huku kwetu. Halikuwa la siri. Lilikuwa la hadharani, lenye ngoma na sherehe, na faida yake iligawanywa: samaki kwa wote, watoto kwa wote.

Desemba 1879 penzi hilo liligongana na mtu mwingine mwenye msimamo mkali. Kabaka Mutesa alikuwa mgonjwa, na wakubwa wa Buganda wakataka kiti cha Mukasa kiletwe ikulu kuja kumtibu. Alexander Mackay, fundi na mmisionari kutoka Scotland, alipinga kwa nguvu zote. Kiti kikaja hata hivyo.

Huyu Mackay inafaa tumfahamu kwa sababu nyingine. Alivunjikiwa na chombo. Agosti 1878 yeye na mwenzake Wilson waliondoka Kageye, upande wa kusini wa ziwa, kwa mashua iitwayo *Daisy*, wakielekea Buganda. Dhoruba ikawatupa ufukwe wa magharibi, mahali paitwapo Makongo, mashua ikavunjikavunjika. Sasa msikilize mwenye ufundi: Mackay akakata kipande cha katikati cha mashua, akatumia mbao zake kuziba tezi na omo, akaziunganisha ncha hizo mbili kuwa mashua moja fupi zaidi. Kazi ilichukua kama wiki nane. Wakasafiri tena na wakafika. Miaka kumi na kidogo baadaye akafa kwa homa huko Usambiro, kwenye ile ghuba ambayo mwaka 2025 ilipigiwa daraja la Kigongo–Busisi, urefu wake kama kilomita 3. Alikufa Februari 1890. Kila anayepita pale kwa basi kwenda Geita anapita karibu na mahali alipoishia mtu aliyeipunguza mashua ili aiokoe.

Wiki nane ufukweni, ugenini, bila chombo. Kama kuna kijana anatafuta hadithi ya mtu aliyevunjikiwa na chombo katika ziwa letu, ile hapo, wala mshona viraka wake hakuwa na muda wa kulia.

*Abdallah wawili*

Mtu wa maji wa pili alikuja kwetu kwa njia ya Kiswahili chenyewe. Hadithi za Alfu Lela Ulela zilianza kupigwa chapa kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920, na kabla ya hapo pwani walizisimuliana bila kitabu. Wengi wanawajua Sindbad na Aladini. Mimi nakuomba utafute hadithi ya Abdallah wa nchi kavu na Abdallah wa bahari, maana humo ndimo alimo mtu wa maji wa kiume aliyechorwa vizuri kuliko wote ninaowajua, na waandishi wa theluji hawajamsikia kabisa.

Abdallah wa nchi kavu ni mvuvi fukara mwenye watoto kumi. Kwa siku 40 anatupa wavu hapati kitu, na kwa siku zote hizo mwokaji mikate mmoja, naye jina lake Abdallah, anamkopesha mkate na hela ya matumizi bila kumsimanga. Siku ya 41 wavu unakuwa mzito. Kwanza anavuta mzoga wa punda. Anahamia upande mwingine, anautupa tena, na safari hii ndani yake kuna mtu. Mvuvi anakimbia akidhani ni jini aliyetoroka kwenye chupa ya Suleimani. Yule mtu anamwita: rudi, mimi ni binadamu kama wewe, namwamini Mungu kama wewe, tofauti ni kwamba naishi majini. Wanaapizana. Kila alfajiri mvuvi atakuja na kapu la matunda ya bara, zabibu na tini na matikiti, na mtu wa bahari atamrudishia kapu hilo limejaa lulu na marijani.

Ni biashara? Mimi nasema hapana. Soma uone wanavyosubiriana. Mmoja akichelewa mwenzake ana wasiwasi. Mvuvi anatajirika, anasingiziwa wizi wa vito vya malkia, anaponea chupuchupu, anaozwa binti wa mfalme, anafanywa waziri, na bado kila alfajiri anabeba kapu lake kichwani kwenda pwani mwenyewe, waziri mzima, watu wanamshangaa. Hajamsahau na mwokaji mikate. Hadithi haisemi neno "mapenzi" kwa maana ya bwana na bibi, lakini mtu anayeandika romansi na hajajifunza kitu kutoka kwa kapu lile, huyo namsikitikia.

Kisha mtu wa bahari anamwalika rafiki yake nyumbani. Anampaka mafuta ya samaki fulani mkubwa ili maji yasimdhuru, wanashuka. Huko chini watu wanamcheka Abdallah wa nchi kavu kwa sababu hana mkia. Wanamwita hivyohivyo, asiye na mkia, na watoto wanakuja kumshangaa. Na huko anauliza swali ambalo kijana yeyote wa Kisukuma angeuliza: mahari yenu ni nini? Anadhani ni vito, maana vimejaa kila mahali. Anajibiwa kwamba vile ni mawe tu, havina thamani. Anayetaka kuoa anatozwa samaki, elfu moja au elfu mbili, anavua mwenyewe mpaka idadi itimie, ndipo wanakula karamu.

Samaki elfu. Yaani kazi. Ukanda wetu huu unaelewa hesabu ya namna hiyo, isipokuwa sisi tunahesabu ng'ombe.

Urafiki ule unavunjika kwa jambo ambalo hakuna mtu angelitegemea. Wakati wa kuagana, mtu wa bahari anampa mwenzake amana aipeleke kwenye kaburi la Mtume. Njiani wanakuta karamu, watu wanaimba na kushangilia. Kuna harusi? Hapana, wanaambiwa, kuna mtu amefariki. Sisi kwetu mtu akifa tunalia, anasema Abdallah wa nchi kavu. Mtu wa bahari anasimama. Anaomba amana yake irudishwe. Mnalia Mungu akichukua amana yake mwenyewe, nitakuaminije na ya kwangu? Anamfikisha ufukweni, anazama, basi. Mvuvi anarudi siku nyingi pale pwani, anaita. Hajibiwi.

Ulaya wana jambo linalofanana kidogo. Kuna wimbo wa kale wa Denmark juu ya msichana Agnete aliyeolewa na mtu wa bahari, akazaa naye watoto saba, hadi siku moja aliposikia kengele za kanisa, akapanda juu, hakurudi tena. Mwingereza Matthew Arnold akaifanyia kazi hadithi hiyo katika shairi la mwaka 1849, na Andersen alikuwa ametangulia mwaka 1837 na yule nguva mdogo aliyemwokoa mwana wa mfalme kutoka kwenye meli iliyozama. Huko kinachowatenganisha ni roho na kanisa. Katika hadithi ya Abdallah kinachowatenganisha ni msiba: namna ya kumlilia maiti. Nadhani hii ya pili inatuhusu zaidi sisi watu wa Mwanza, Geita na Bukoba, na nitaeleza kwa nini.

Kabla sijafika huko, Shaaban Robert asisahauliwe. Katika *Adili na Nduguze*, kilichotoka 1952, Adili anatoswa baharini na ndugu zake wa tumbo moja kwa sababu ya husuda, mwanamke akiwamo ndani ya kisa hicho, na anayemwopoa ni Huria, binti wa majini aliyekuwa amemsaidia zamani. Shaaban Robert aliuchukua mkasa huo kutoka katika ukoo uleule wa hadithi za Alfu Lela, akauvisha kanzu ya Kiswahili. Lakini hebu tazama: Huria hamtaki Adili kwa mapenzi wala hamtaki kwa mali. Anamlipa wema, na anawageuza nduguze kuwa manyani. Maji hapo ni mahakama.

*Mkopo*

Sasa tuje kwenye dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa 2000. Katikati na pembeni ya tarehe hizo wamekuwapo maelfu ya wachimbaji wadogo, na maduara yao, na karasha zao, na zebaki yao. Mchimbaji wa duara anaishi kwa kitu asichokiona. Leo mwenzake aliye hatua 20 pembeni kapata, yeye kapata mawe. Hakuna anayeweza kumweleza kwa nini. Mvuvi naye ni hivyohivyo, mtumbwi huu umejaa, ule mtupu. Watu wa namna hii, dunia nzima, wanatafuta maelezo.

Hapo ndipo yule mtu wa maji alipobadilika tabia. Jirani zetu wa Katanga walitutangulia kidogo. Miaka ya 1970 katika mji wa Lubumbashi na miji ya machimbo ya shaba, wachoraji wa mitaani walikuwa wakiuza picha za *mamba muntu*, jina la Kiswahili kabisa: nusu mtu nusu kiumbe wa majini, mwenye nywele ndefu, amekaa ufukweni. Johannes Fabian na Ilona Szombati walizichunguza picha hizo na kuona zimetundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida, wafanyakazi wa machimbo na makarani. Anayepata unywele wake au kitana chake anatajirika. Ila kuna sharti. Utunze siri, na mtu wa ukoo wako atakufa.

Huku kwetu picha hazikushika, maneno yameshika. Mtu akitajirika ghafla, kajenga, kanunua magari mawili, utasikia: huyo kaoa jini. Au anafuga jini. Ndoa imebaki jina tu, ndani yake mna mkopo, na dhamana ya mkopo huo ni binadamu. Kutoka Mukasa mwenye kasia, asiyedai damu, tumeshuka mpaka hapo.

Tungeweza kucheka yangeishia kijiweni. Hayakuishia. Kuanzia 2007 nchi ilianza kusikia habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, viungo vyao vikitafutwa kwa ajili ya dawa za bahati. Watafiti watatu, Bryceson, Jønsson na Sherrington, walichapisha uchunguzi wao mwaka 2010 wakionyesha jinsi waganga, wachimbaji wadogo na tamaa ya bahati vilivyofungamana katika jambo hilo. Wavuvi nao wametajwa mara nyingi. Januari 2009 serikali ilipiga marufuku uganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa Shinyanga na leo imo Geita. Mtoto yule hakuwa kiumbe wa ajabu. Alikuwa na ngozi inayoungua juani.

Kwa hiyo kijana akiniandikia kwamba mtu wa maji alimpa mpenzi wake vipande vya dhahabu kutoka chini ya ziwa wakaishi raha mustarehe, mimi naona kitu ambacho pengine yeye hakioni. Umbo la hadithi yake ni lilelile linalouzwa na mganga: penda kisichoonekana, upate utajiri. Bwana, iandike, lakini ujue unatembea kwenye duara la nani.

*Wasio na kaburi*

Nilisema msiba. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imebakiza safari fupi kufika bandari ya Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Meli ilielea kwa muda imepinduka, na ndani yake walikuwamo watu hai waliobaki kwenye hewa iliyonasa. Sauti zao zikigonga chuma zilisikika nje. Tundu likatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama zaidi. Wazamiaji waliletwa hadi kutoka Afrika Kusini. Makaburi ya waliopatikana yako Igoma. Wengine hawakupatikana.

Mtu asiyepatikana ana familia isiyojua ifanye nini. Hakuna maiti ya kuosha, hakuna udongo wa kutupia. Ukikaa na watu wa namna hii utaelewa kwa nini binadamu wa zamani alimbuni mtu wa maji. Si kwa ajili ya uzuri wa kifua chake. Ni kwa sababu mama anaweza kusema: huyu hajafa, kachukuliwa, kule chini kuna nyumba, kuna anayempikia. Penzi la aliyezama na mtu wa maji limeandikwa kutoka ufukweni, na walioachwa.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ukerewe. Watu 228 walikufa. Siku mbili baadaye, tayari watu wakihesabu miili tu, akatolewa mtu mmoja hai, fundi wa mitambo, aliyekuwa amebaki ndani penye hewa. Siku mbili chini ya maji, gizani. Hakuna kiumbe yeyote aliyekuja kumpenda. Kilichomweka hai ni pafu moja la hewa lililonasa kwenye chuma, na kujua chombo chake kilivyojengwa pengine hakukumdhuru.

Ukerewe ndiko alikotoka pia Aniceti Kitereza, mkubwa wa waandishi wa ziwa hili. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakuna aliyekubali kuichapa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka kwa Tanzania Publishing House ikiwa na tarehe ya 1980. Alifariki 1981 kabla nakala hazijamfikia. Katika kitabu kile mke anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu hajazaa, na mume anatozwa mitungi sita ya pombe ya ndizi ili amrudishe, naye anahangaika kuipata, ndizi baada ya ndizi. Ni mapenzi makubwa na hakuna neno tamu hata moja linalopotezwa. Namuona Kitereza na yule aliyebuni mahari ya samaki elfu wakiongea bila mkalimani.

Nina kisa kimoja cha bara, cha watu ambao hawakuzama majini. Oktoba 5, 2015, duara liliporomoka katika machimbo madogo ya Nyangarata, Kahama. Watu sita wakafukiwa. Siku zikapita, wiki zikapita. Chini kule walikunywa maji yaliyokuwa yakidondoka, wakiyakinga kwa kofia zao za kazi, wakala mizizi, vyura na mende. Mmoja akafa. Novemba 15 wachimbaji wenzao walisikia sauti, wakachimba, wakawatoa watano wakiwa hai, wamekonda, macho hayawezi kuutazama mwanga.

Walikaa chini siku 41, sawasawa na siku za mvuvi Abdallah kabla wavu wake haujawa mzito. Huko walikokuwa hawakukuta mji wala vito wala bibi wa mtu. Walikuwa ndani ya mwamba wa dhahabu, na wakatoka nao mikono mitupu. Waliokuwa juu, kama ni watu wa kuhesabu arobaini, walikuwa wameshaimaliza jana yake.